Kompyuta Ikikataa Sasisho, Usikubali Ifutwe



Kila Jumanne ya pili ya mwezi, watu wakishatoka msikitini kwa sala ya Ishaa, kampuni ya Microsoft hutoa marekebisho ya Windows kwa dunia nzima. Kwa saa zetu hapa Mombasa huwa ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Desturi hiyo ilianza Oktoba 2003. Usiku huo na siku mbili tatu zinazofuata, kompyuta za Kibokoni, Kuze, Mzizima, Tudor na Ganjoni huvuta mzigo huo zenyewe, aghalabu mwenye mashine hana habari. Asubuhi mmoja akuta kompyuta imejizima, imejiwasha, kazi yaendelea. Mwengine akuta maandishi meupe kwenye skrini: sasisho halikukamilika, mabadiliko yanarudishwa, usizime kompyuta. Mazungumzo ya leo ni ya huyu wa pili.

Nataka kuzungumza naye kabla hajafika kwa fundi, kwa sababu yatakayosemwa huko sote tumeyasikia. Fundi aiwasha laptopu, aitazama dakika moja, asema: "Mama, hii Windows imekufa. Tuiformat tu." Naye mama ajibu: "Haya mwanangu, bora iwake." Jioni mashine yarudi nyumbani nyepesi na tupu. Picha za harusi ya binti zimekwenda. Barua za marehemu babu zilizopigwa skani zimekwenda. Hesabu za duka la Biashara Street, risiti za kodi, insha za mtoto anayengoja mtihani, vyote vimekwenda. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina watu wao Maskati, Dubai na London, na miaka yote hiyo ya kuagana na kupokeana imewekwa kwenye diski moja, ndani ya laptopu moja, juu ya meza moja. Kuifuta diski hiyo kwa sababu sasisho moja limekwama ni hasara isiyolipika, na mara nyingi mno haikuhitajika.

Sina ugomvi na mafundi. Wengi ni vijana waaminifu, na mteja naye hutaka mashine yake siku hiyohiyo. Lakini kufuta na kuweka Windows upya ndiyo dawa ya mwisho, nao wameifanya ya kwanza. Tena kuna la pili linalonikera zaidi: fundi akishamaliza kufuta, huzima masasisho kabisa, ati yasile bando la mteja. Mteja hushukuru. Hajui kwamba mlango wa nyumba yake umeachwa wazi.

Kumbukeni Mei 12, 2017. Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 ziliingiliwa. Na dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu Machi 14 mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla, kupitia masasisho haya haya. Nyingi kati ya zilizoumia ni zile ambazo sasisho halikuingia, ama kwa kuzimwa, ama kwa kukwama na mwenyewe asishughulike.

Basi tushughulike. Jambo la kwanza, kabla ya kugusa kitu chochote, nakili faili zako kwenye diski ya nje au flashi. Usiseme utafanya baadaye. Sasisho lenyewe linaweza kuwa na kasoro: Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10 ambalo kwa baadhi ya watu lilifuta faili zao binafsi. Wakalisimamisha baada ya siku chache na kulitoa tena Novemba, lakini aliyepoteza alikuwa amepoteza. Na kama diski yako imefungwa kwa ulinzi wa BitLocker, tafuta mapema ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Andika kwenye karatasi, tia kabatini pamoja na hati za nyumba. Kompyuta ikiuliza ufunguo huo nawe huna, hata fundi hodari atabaki kukutazama.

La pili, isome namba. Sasisho likishindikana, Windows huandika namba ya kosa inayoanza na sifuri na herufi x. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya Windows Update, tafuta historia ya masasisho, utaikuta hapo. Kuna wanaoogopa kwa kuwa maelezo yake ni ya Kiingereza. Windows yaweza kuwekwa Kiswahili, hata Kiswahili cha Kenya kimo kwenye orodha, lakini lugha yoyote utakayotumia, namba ni ileile. Ipige picha kwa simu. Ukienda kwa fundi, mpe namba hiyo kabla ya kumpa laptopu, na umsikilize ataisemaje. Fundi asiyeitazama kabisa, mwambie asante na utafute mwengine.

Namba ya kawaida kabisa ni ile inayoishia na 0070, yaani 0x80070070. Hii maana yake diski imejaa. Hapa kwetu ndilo tatizo kubwa, kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni zile zilizotumika Ulaya, ex-UK kama tunavyoziita, nazo huja na diski ndogo ya gigabaiti 128, pengine pungufu. Video za harusi za WhatsApp zikishaingia humo hapabaki pumzi. Kuhamia toleo jipya la Windows 10 kunataka gigabaiti 20 zilizo wazi. Hamisha video kwenye diski ya nje, kisha tumia programu ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows yenyewe, uondoe mabaki ya masasisho ya zamani. Lakini soma orodha kabla ya kutia alama: katika matoleo mengine folda ya vipakuliwa nayo imo kwenye orodha hiyo, na ukiitia alama itafutwa pamoja na cheti cha shule ulichokipakua jana.

Kuna kosa jingine ambalo napenda kulisimulia kwa kirefu, kwa sababu linapoteza watu wengi na tiba yake ni rahisi. Namba yake ni 0x80072F8F. Kompyuta inapozungumza na Microsoft, hukagua cheti cha usalama cha upande wa pili, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama saa ya kompyuta yako yasema leo ni Januari ya miaka mingi iliyopita, cheti kitaonekana bado hakijaanza kufanya kazi, na mashine itakataa kuzungumza. Sasisho halipakuliki. Dalili zake utazijua: tovuti ya benki yakataa kufunguka, ya eCitizen yakataa, ya kodi yakataa, zote zikilalamika kwamba usalama una shaka. Watu hudhani ni kirusi, au mtandao umeharibika. Tazama pembe ya chini ya skrini kwanza, kulia, palipo na saa.

Rekebisha tarehe, hakikisha umechagua saa za Nairobi, kisha jaribu tena. Ukizima na kuchomoa stima, na kesho tarehe imerudi kulekule nyuma, basi betri ndogo ya ndani imekwisha. Ni kidude cha mviringo kama sarafu, kinaitwa CR2032, cha volti tatu, kinachoilisha saa ya mashine wakati haina stima. Kompyuta ya mezani ukiifungua utakiona. Ya laptopu mwachie fundi, na umwambie hasa unachotaka kibadilishwe, na umwambie aangalie kama pale kinapokaa hapajashika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma kilicho karibu na bahari.

Mtandao nao una mambo yake. Tuna bahati Mombasa. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Kenya nyingi zinatua hapa hapa kwetu: SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS kutoka Fujairah ilifika mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010. Lakini bahari haina dhamana. Februari 2012 meli iliyotia nanga pahali pasiporuhusiwa karibu na bandari yetu iliikata TEAMS, na Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kule kusini, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikazorota. Siku kama hizo sasisho likikwama, iache kompyuta. Hakuna cha kutengeneza nyumbani kwako.

Mara nyingi, hata hivyo, tatizo liko ndani ya nyumba. Kuta zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na ndizo zinazotupa ubaridi wakati wa kaskazi. Mawimbi ya waifai hayazipendi. Rauta ikikaa chini kwenye sebule na kompyuta iko ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, utaona alama ya waifai ipo, kumbe data inapita matone matone. Windows inajua kuendelea pale ilipoachia, kwa hiyo kasi ndogo peke yake haiui sasisho, lakini majibu yakichelewa mno utapata 0x80072EE2, yaani upande wa pili haukujibu kwa wakati. Shusha laptopu, kaa karibu na rauta usiku huo mmoja, au pitisha waya wa mtandao kwenye ngazi. Usitoboe ukuta wa mawe wa miaka mia mbili kwa ajili ya sasisho.

Na wanaotumia bando la simu, angalieni mpangilio unaoiambia Windows kwamba mtandao huu unapimwa. Ukiuwasha, masasisho mengi husubiri. Ni mpangilio mzuri kwa mwenye bando dogo, ila mtu huuwasha leo akasahau mwaka mzima, kisha ashangaa kompyuta haijasasishwa. Nyumba yenye kompyuta tatu nne, kuna njia bora zaidi: ruhusu Windows ipokee masasisho kutoka kwa kompyuta nyingine zilizo kwenye mtandao wenu wa ndani tu. Moja ikishavuta kutoka nje, zilizobaki zaweza kuchukua kwake. Narudia, za ndani tu. Ukiziruhusu na za intaneti, bando lako litakuwa likiwapelekea watu usiowajua.

Vifaa navyo huleta fitina. Namba inayoanza na 0xC1900101 aghalabu yahusu programu inayoendesha kifaa fulani: printa, kadi ya skrini, kidude cha waifai. Chomoa kila kitu kisichohitajika, printa, flashi, diski ya nje ambayo umeshamaliza kunakilia, kisha ujaribu tena. Kama umeweka programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyingine, iondoe kwa muda, ile ya Windows yenyewe itashika zamu.

Sasa stima. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na hatuhitaji kiza cha nchi nzima ili kuumia, kukatika kwa mtaa mmoja kwatosha. Stima ikikatika katikati ya sasisho, faili za Windows zaweza kubaki nusu mpya nusu zamani. Kompyuta ya mezani bila ya betri ya akiba ndiyo iliyo hatarini zaidi. Ikiwashwa tena, mwanzoni itajaribu kurudisha mambo yalivyokuwa, na hapo yataka subira. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kazi hiyo huchukua saa nyingi. Taa ya diski ikiwa inapepesa, usishikilie kitufe cha kuzimia. Nenda kalale.

Ikiwaka lakini sasisho laendelea kukataa, na namba ni kama 0x80073712, faili za ndani zimeharibika. Windows ina dawa mbili za kujitibu. Chukua kalamu. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika DISM, nafasi, mkwaju Online, nafasi, mkwaju Cleanup-Image, nafasi, mkwaju RestoreHealth. Hii huvuta faili nzima kutoka kwa Microsoft, kwa hivyo yataka mtandao. Ikishamaliza, andika sfc, nafasi, mkwaju scannow. Kisha izime na kuiwasha, ujaribu sasisho. Amri hizi hazigusi picha zako wala barua zako.

Windows isipofunguka kabisa, ikatize kompyuta inapoanza kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo, itakuletea ukurasa wa matengenezo. Humo ndani kuna chaguo la kuondoa sasisho la mwisho. Hapo pia faili zako ziko salama.

Na kuna wakati kosa si lako, si la fundi, si la stima. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho lililopewa namba KB5034441. Kompyuta nyingi za Windows 10 zilipojaribu kuliweka, zikarudisha kosa 0x80070643. Sababu yake ilikuwa moja: ile sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa matengenezo ilitakiwa iwe na megabaiti 250 zilizo wazi, na kwa watu wengi haikuwa nazo. Baadaye kampuni yenyewe ilisema haitaleta tiba ya kujiendesha, anayetaka aipanue sehemu hiyo kwa mkono. Fikirini ni mashine ngapi zilifutwa kwa kosa hilo. Na aliyeifuta akaweka Windows upya kwa mgawanyo uleule wa diski, angeweza kukutana na namba ileile wiki hiyohiyo, safari hii picha hana.

Nimalizie na jambo ambalo limekuwa zito tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 haiingii kila mahali. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta zenye prosesa za Intel inataka, isipokuwa chache, kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za ex-UK zilizomo majumbani mwetu ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Kuna mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwa hila, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hizo zitapata masasisho, kwa hivyo tunarudi palepale. Kwa mwenye mashine ya zamani anayeandika barua na kuingia mtandaoni tu, mimi ningemshauri atazame Linux Mint. Ni ya bure, na haitaki TPM.

Anayetaka kubaki na Windows 10, kuna mpango wa ziada wa masasisho ya usalama uliotangazwa hadi Oktoba 13, 2026. Kuingia, ama unalipa dola 30, ama unatumia pointi zako za zawadi za Microsoft, ama unakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako, na hii ya mwisho haina malipo. Lakini sharti kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, utaliona. Ukikuta 1909, au 20H2, au 21H1, basi masasisho yako yamekwama kwa miaka, na mpango huo hutaupata mpaka uyakwamue.

Na kama umepita njia zote nilizozitaja na bado imekataa, kuna hatua moja iliyobaki kabla ya kufuta. Faili kamili la Windows hupakuliwa bure kutoka kwa Microsoft yenyewe, gigabaiti chache, flashi ya gigabaiti nane yatosha. Aliye na faiba ataweza kukupakulia. Kompyuta ikiwa imewaka, fungua flashi hiyo, anzisha usakinishaji, na ukiulizwa nini kibaki, chagua faili zako binafsi na programu zako. Windows itajijenga upya chini yake, bila ya kuziondoa. Ukimwachia fundi kazi hii, mwambie kwa maneno haya haya: "Fundi, sitaki iformatiwe. Iweke Windows juu ya Windows, faili na programu zibaki." Kisha kaa hapo dukani mpaka uone amechagua hivyo.